Rimu za zamani kwenye gari lenye breki kubwa: zikigoma, zikikwaruza, zikitetemeka

Swali ninaloulizwa kuliko yote gereji hapa Malindi ni hili: "Fundi, rimu za gari langu la kwanza zina matundu sita, hili nililonunua lina bolti sita, mbona haziingii?" Muulizaji huwa amefika na rimu nne nzuri nyuma ya pikapu, matairi bado yana meno, na hataki kusikia kwamba hazifai. Namwelewa kabisa. Rimu ya inchi 16 humpa tairi lenye ubavu mrefu, na ubavu huo ndio unaomeza mawe ya njia ya Marafa na kutandaa juu ya mchanga wa Mambrui ukipunguza upepo. Rimu ya 18 yenye ubavu mfupi hupinda kwenye shimo ambalo ya 16 ingepita salama.

Tatizo haliko kwenye bolti. Toyota imeshikilia duara lile lile la bolti, sita kwa milimita 139.7 (kipenyo cha duara linalopita katikati ya bolti), tangu Hilux na Prado za zamani hadi Prado 150. Kilichokua ni breki. Diski ya mbele ya Prado 120 nyingi ina kipenyo cha milimita 319. Ya Prado 150 nyingi imefika 338. Kwa Land Rover tofauti ni kubwa zaidi. Discovery 3 ya dizeli ya lita 2.7 ina diski ya mbele ya milimita 317 na inavaa rimu ya 17. Discovery 4 ya dizeli ya lita 3.0 ina diski ya 360, na kiwandani ilitoka ikidai rimu ya 19. Zote mbili zina bolti tano kwa milimita 120, kwa hiyo matundu ya rimu ya zamani yanalingana na bolti za gari jipya vizuri sana, na rimu yenyewe inagonga kalipa, kile kibanio kinachobana pedi kwenye diski, kabla haijalala kwenye habu, yaani kitovu ambacho bolti zimetoka.

Kabla ya kugusa chochote, egesha gari kwenye sakafu ngumu. Mchanga na udongo tifutifu humeza jeki. Weka kabari kwenye magurudumu yanayobaki chini, na usiingize mkono chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Tumia stendi za chuma. Discovery yenye springi za upepo ipandishe juu kwanza na uzime injini, kwa sababu inaweza kujishusha wakati mkono wako uko ndani ya fenda.

Pima mapengo mawili

Watu wengi hupima pengo moja na kusahau la pili. La kwanza ni kati ya mgongo wa kalipa na ukuta wa ndani wa rimu, ule unaoizunguka breki kama ukingo wa sufuria. La pili ni kati ya uso wa kalipa na spoku za rimu, ile mikono inayotoka katikati hadi ukingoni. Spesa, kile kisahani kinachowekwa kati ya habu na rimu, huongeza pengo la pili tu. Inaisogeza rimu nje, haiipanui. Kama kalipa inagonga ukuta wa ndani kwa sababu rimu ni ndogo, hata spesa ya inchi mbili haitakusaidia.

Mimi hupima kwa unga wa chapati. Chukua unga uliokandwa mgumu kidogo, ufunge kwenye nailoni nyembamba, kisha ubandike madonge mawili kwenye kalipa: moja mgongoni, palipo karibu zaidi na ukuta wa rimu, na jingine usoni, upande unaotazama spoku. Vaa rimu tupu isiyo na tairi kama unaweza. Kaza nati tatu kwa mkono mpaka rimu ilale kwenye habu, izungushe raundi moja taratibu, kisha ivue. Donge litakuwa limebanwa, na pale palipobanwa zaidi, unene wake ndio pengo lako. Likate kwa kisu uweke rula. Chini ya milimita 3 mimi sikubali, na kwa mtu anayeishi kwenye barabara za kokoto ninataka 5. Ukikuta donge limetoboka na chuma kinaonekana, umeshapata jibu.

Pima magurudumu ya mbele na ya nyuma. Breki za mbele ndizo kubwa, kwa hiyo rimu iliyoingia nyuma bila shida haijathibitisha kitu.

Dalili: rimu inasimama kabla ya kufika kwenye habu

Unaisukuma, inakaa imeinama, na ukichungulia kwa tochi unaona mwanga kati yake na habu. Nati zinashika nyuzi mbili tatu tu.

Sababu ya kawaida zaidi ni ukuta wa ndani kugonga kalipa. Paka kalipa chaki, vaa rimu, ivue, uangalie chaki imehamia wapi. Ikiwa imehamia kwenye ukuta wa ndani, rimu hiyo ni ndogo kwa breki hizo na safari imeishia hapo: tafuta rimu ya inchi moja zaidi. Ikiwa imehamia kwenye spoku, rimu nyingine ya inchi ile ile yenye umbo tofauti inaweza kuingia, kwa sababu rimu mbili zenye namba sawa mgongoni hazina lazima ya kuwa na tumbo sawa.

Inayofuata, hasa kwetu hapa Pwani, ni kutu. Hewa ya chumvi hujenga ganda kwenye ukingo wa katikati ya habu, na tundu la rimu likakwama juu yake. Piga brashi ya waya mpaka chuma king'ae, paka grisi nyembamba mno kwenye ukingo huo tu, ujaribu tena. Grisi isifike kwenye bolti wala mahali nati inapokaa.

Mara chache utakuta klipu au skrubu ndogo za kiwandani zilizoshika diski zinazuia rimu isilale. Na mara chache zaidi, duara la bolti lenyewe ni tofauti: Defender ya zamani ni bolti tano kwa milimita 165.1, ile mpya iliyoanza kuuzwa 2020 ni tano kwa 120. Hizo haziingiliani.

Usiivute rimu kwa nguvu ya nati. Nimeona rimu ya aluminiamu iliyovutwa hivyo mpaka ikalala. Mwenyewe alifurahi, akaendesha, na spoku moja ikafanya ufa mwembamba kama unywele kutoka kwenye tundu la nati.

Dalili: imelala kwenye habu, lakini inakwaruza ukiizungusha kwa mkono

Anza na kinga ya diski, lile bati jembamba nyuma yake. Hupindwa kirahisi wakati wa kuvua gurudumu, na linanyooshwa kwa vidole. Kisha angalia vipande vya balansi, vile vizito vidogo vya kusawazisha gurudumu, vilivyobandikwa ndani ya rimu. Rimu za zamani hubaki na vipande vya miaka mingi ambavyo havikumsumbua mtu chini ya breki ndogo. Halafu angalia kama rimu imepinda: mkwaruzo unaosikika mara moja kila raundi, mahali pale pale, ni rimu iliyopinda au kipande cha balansi. Mkwaruzo unaosikika raundi nzima ni kalipa au bati.

Hapa ndipo kijana mmoja aliniambia, "Mjomba, tusage kalipa milimita mbili tu, grainda ninayo." Nilimjibu nitakavyokujibu wewe. Mwili wa kalipa ndio unaozuia nguvu yote ya mafuta ya breki unapokanyaga pedali. Ukiupunguza, unatanuka. Pedali inakuwa laini, na siku ya kukanyaga kwa nguvu zote unaweza kupasuka. Baadhi ya kalipa zina njia ya mafuta inayopita ndani ya mgongo ule ule unaotaka kuusaga. Ukuta wa rimu nao usisagwe, kwani ndio unaobeba gari. Mtu akikuambia amefanya hivyo na gari linatembea, mwache aendelee nalo peke yake.

Dalili: kimya juu ya jeki, kelele barabarani

Hii ndiyo inayoleta watu wengi, na ndiyo inayowahangaisha kwa sababu fundi akiinua gari haoni kitu.

Sauti ya tik-tik-tik inayoongeza kasi pamoja na gari mara nyingi ni kipande cha balansi kinachogusa kalipa kwa shida. Kina unene wa milimita kadhaa, na pengo lako lote lilikuwa hilo. Utaona uso wake umesuguliwa uking'aa, au umeshabanduka na kuacha gundi. Mwambie mtu wa balansi avibandike karibu na ukingo wa ndani kabisa, mbali na kalipa, baada ya wewe kumwonyesha kwa chaki kalipa inapita wapi.

Mkwaruzo wa ghafla, mkali kama msumari kwenye bati, ukiwa kwenye kokoto, ni jiwe. Pengo likiwa dogo, changarawe huingia kati ya kalipa na ukuta wa rimu na kukwama. Simama mara moja. Rudisha gari nyuma polepole mita chache, na mara nyingi jiwe hudondoka. Ukiendelea, jiwe litachora mfereji kuzunguka rimu nzima. Nilimvulia mteja mmoja gurudumu alipotoka Baricho, na ndani ya rimu palikuwa na mstari mmoja unaong'aa kama pete ya fedha, ukucha wangu ukizama ndani yake. Rimu ile hatukuirudisha. Mfereji kama huo ndio mahali ufa unapoanzia.

Kisha ipo inayowashangaza watu: gari lilikuwa kimya miezi mitano, likaanza kukwaruza siku lilipobadilishwa pedi za breki. Wanamlaumu fundi wa pedi, na mara nyingi hana kosa. Kwenye kalipa ya kuteleza, yenye pistoni upande wa ndani tu kama ya Discovery, mwili wa kalipa husogea ndani kadiri pedi ya nje inavyolika. Ukiweka pedi mpya nene, mwili unasogea nje tena, karibu na spoku. Kwa hiyo ukipima pengo huku pedi zimelika, umepima pengo ambalo litapungua. Pima ukiwa na pedi mpya. Kalipa zilizofungwa zisizoteleza, zenye pistoni pande zote mbili kama za mbele za Prado, hazina tabia hii.

Mkwaruzo unaotokea kwenye kona tu unaonyesha beringi ya habu iliyolegea. Inua gurudumu, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, mpelekee fundi kabla ya safari nyingine yoyote. Hapo hoja si rimu tena.

Dalili: usukani unatetemeka ukifika kasi ya 80 au 100

Kwanza kabisa balansi, na matope yaliyokauka ndani ya rimu, ambayo hapa kwetu huchangia sana wakati wa mvua. Osha ndani kabla ya kulipia balansi. Pili, kutu au rangi nene mahali rimu inapolala kwenye habu. Rimu za chuma zilizopakwa rangi upya mara tatu huwa hazilali sawa.

Tatu, tundu la katikati. Rimu ya Prado ina tundu la takriban milimita 106. Land Cruiser 300 ina bolti sita kwa 139.7 vilevile, lakini ukingo wa habu yake ni milimita 95. Rimu ya zamani ikivaliwa juu yake inaning'inia bila kushikwa katikati, na kila ikivaliwa inakaa mahali tofauti kidogo. Kuna pete za kujaza pengo hilo. Zinasaidia, lakini kuna jambo jingine ambalo pete haiwezi kulitatua: bolti za 300 ni za milimita 14, za Prado ni 12, na matundu ya rimu ya Prado yalitengenezewa nati za 12. Usiyapanue kwa drili.

Ikiwa mtetemo unakuja unapokanyaga breki tu, tafuta kwenye diski.

Dalili: nati zinalegea

Hapa hakuna kujaribu. Nati iliyolegea mara moja inaweza kuwa haikukazwa. Ikilegea mara ya pili, gari lisitoke tena mpaka sababu ijulikane.

Kinachokosewa zaidi ni aina ya nati. Rimu nyingi za zamani za aluminiamu za Toyota hutumia nati yenye shingo ndefu na washa bapa. Shingo inaingia ndani ya tundu na washa inalala juu. Rimu za chuma hutumia nati ya koni. Ukitia nati ya koni kwenye tundu lililotengenezewa washa bapa, inashika kwenye ukingo mwembamba tu. Itakaza vizuri mkononi mwako, na baada ya kilomita chache ukingo huo unasagika na nati inabaki huru. Ivue uangalie: alama ya koni inayong'aa kwenye mdomo wa tundu ndiyo ushahidi.

Baada ya hapo, rangi mpya. Hujibana na kupungua, na nati inalegea bila kuzunguka. Kisha spesa ya bei rahisi isiyokaa katikati ya habu. Na mafuta kwenye nyuzi za bolti, ambayo hukufanya ukaze kupita kiasi ukidhani uko sawa.

Kaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza kwa Nm, kwa kurukaruka kama nyota, gurudumu likiwa limegusa ardhi kidogo. Prado ni takriban Nm 112, Discovery 3 na 4 ni 140. Kitabu cha gari lako ndicho cha mwisho. Mtu anayerukia bomba refu juu ya spana hajui amefika ngapi. Kisha rudia kukaza baada ya kilomita 50 hadi 100. Ukitoka Malindi kwenda Mombasa, simama Kilifi ukaze.

Bolti iliyokatika, hata moja, ni kazi ya fundi. Tundu la rimu lililokuwa yai ni chuma chakavu.

Dalili ndogo ndogo

Tairi likigusa fenda au mkono wa juu wa sasipensheni unapokata kona hadi mwisho, rimu ya zamani imekaa ndani au nje kuliko ya kiwandani. Wakati huo huo angalia paipu ya mpira ya breki usukani ukiwa umekatwa pande zote. Ikigusa tairi, usiliendeshe.

Spidomita kudanganya hutokana na saizi ya tairi. Tairi la 265/70R16 lina kimo cha milimita 777, la 265/65R17 ni 776, la 265/60R18 ni 775, kwa hiyo ukibadilishana hayo matatu spidomita haitajua. Ukiweka 245/70R16, kimo kinashuka hadi 749, na ikisoma 100 wewe unakwenda kama 96. Lisilofaa kabisa ni kuchanganya: magurudumu madogo nyuma kwa sababu yameingia, makubwa mbele kwa sababu madogo yamegoma. Prado na Discovery huendesha magurudumu yote manne muda wote, na difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, itafanya kazi bila kupumzika mpaka ichemke.

Taa ya upepo wa matairi ikiwaka, rimu za zamani hazina vihisio. Haiathiri breki, ila sasa ni wewe wa kupima upepo kwa geji.

Soma pia tarehe ya tairi ubavuni. Tarakimu nne za mwisho, kwa mfano 3214, ni wiki ya 32 ya mwaka 2014. Meno mazuri kwenye tairi la umri huo hayakupi sababu ya kulibeba kwenye gari zito kuliko lile lililolizoea. Uzito wa juu wa rimu nao mara nyingi umepigwa mhuri nyuma ya spoku. Uulinganishe na wa gari.

Spea

Nimeacha hili mwisho kwa sababu dalili yake huja ukiwa mbali. Mtu amenunua rimu mpya za inchi sahihi, akabakisha spea ya zamani ya 16 chini ya gari kwa sababu "ni ya dharura tu". Anapata pancha ya gurudumu la mbele kwenye njia ya Sala Gate, lango la mbuga ya Tsavo Mashariki, anashusha spea, haiingii.

Kama uko hapo sasa hivi: vua gurudumu zima la nyuma ulipeleke mbele, kisha uvae spea nyuma, iwapo inaingia bila kugusa. Ni kuinua gari mara mbili kwenye jua, na ardhi ya huko ni laini, kwa hiyo beba kipande cha ubao mpana cha kuweka chini ya jeki. Endesha polepole mpaka kwa mtu wa pancha wa kwanza. Na kama spea ni ya chuma huku rimu zako ni za aluminiamu, utahitaji nati zake za koni. Zifunge kwenye mfuko wa kitambaa pamoja na jeki.

Kama bado uko nyumbani, ishushe spea leo. Ivae mbele kulia, uizungushe, kisha mbele kushoto.